Karatasi Niliyoikuta Ndani ya Biblia ya Mume Wangu

Jamani, leo nimepekua Biblia ya mume wangu, na sijuti.

Tangu Majilio ya Krismasi yaanze, Baba Imani akitoka kazini bandarini kila Alhamisi eti anapitia kwenye maombi. Anarudi nyumbani Tudor jioni, mnyonge, hataki hata chai.
Nikasema moyoni, hapa pana mwanamke.

Leo alipoingia kuoga nikaifungua Biblia yake. Pale Ibrahimu anapompeleka Isaka mlimani palikuwa na karatasi ya hospitali. Vipimo vya mtu anayetaka kutoa figo.

Akanikuta nayo mkononi.

"Unamtolea nani?" nikamuuliza.
"Kaka Daudi."

Na Daudi huyu hawajasemezana miaka sita, tangu tulipomzika mama yao.

Nikakaa kitandani. Wivu uliniisha, hofu ikaingia.

"Mbona hukuniambia?"
"Kwani Ibrahimu alimwambia Sara?"
"Sara hayuko hapa. Mimi niko. Niulize."

Akaketi kando yangu akaniuliza.

Sijamjibu. Alhamisi naenda naye hospitalini, nimsikie huyo daktari kwa masikio yangu.

Wenzangu, nyinyi mngemjibu nini?