Ngazi Nyepesi Niliyoichagua Mwenyewe

Naitwa Kiden. Ninaandika haya nikiwa nimesimama, kwa sababu nikikaa muda mrefu mguu unaniwasha na moyo unaanza kwenda mbio. Nayaandika kwa ajili yenu mnaopanda juu kuosha vioo vya maduka na ofisi, na kwa ajili ya yeyote aliyelala kitandani leo akiwaza nani anawapikia watoto nyumbani. Niliungua kwa umeme, nikavunjika mguu, nikakatwa vidole viwili. Niko hai, na ninafanya kazi.

Nilizaliwa Kuluba, upande wa Koboko, hapa Uganda, mtoto wa kwanza. Mama alikufa kwa ugonjwa nikiwa darasa la saba, na baba akamfuata kabla ya mwaka kwisha. Matanga yalipokwisha, ukoo ulikaa kutugawa. Taban, mdogo wangu, angekwenda kwa baba mdogo. Poni, wa mwisho wetu, angekwenda kwa shangazi. Mimi niliambiwa nimeshakuwa mkubwa, nitaolewa. Nilisimama mbele ya wazee nikasema hatugawanyiki.

"Utawalisha nini?" baba mdogo aliniuliza.

Juma lile lile niliacha shule, nikawachukua wadogo zangu, tukapanga chumba kimoja Onduparaka, mjini Arua.

Nilianza kwa kufua nguo za watu. Kisha nikapata kazi ya vioo, na kazi hiyo ilinifaa, kwa sababu mimi si mtu wa kukaa. Dirisha moja likiisha, macho yameshafika kwenye lingine. Waendesha boda walinizoea wakiniona juu na ndoo yangu.

"Fundi ya dirisha, angalia utaangukia sisi!"

"Nikianguka nachagua ile pikipiki mpya!"

Nilikuwa na ngazi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mbao. Alinitengenezea Papa Odilo, seremala kutoka upande wa Congo, mwenye kibanda jirani na kwetu. Ilikuwa kavu na haikupakwa rangi, kwa kuwa yeye anasema rangi inaficha ufa. Lakini ilikuwa nzito, ya kubebwa na watu wawili. Ya pili ilikuwa ya alumini, ya kuvuta ikarefuka, niliyoinunua kwa fundi wa ujenzi. Hiyo niliiweka begani peke yangu kama jembe.

Papa Odilo hakuipenda. "Kiden, ile yako iko muzuri kwa nyumba haina waya. Kama waya iko karibu, mubebe hii yangu, watu wawili."

"Papa, unasema hivyo sababu hii umetengeneza wewe."

"Nasema hivi sababu mutu akikufa hanunui ngazi ingine."

Nilicheka, nikaenda na ya alumini.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa mbali hawezi kulijua. Kwa miaka mingi umeme wetu ulikuja kwa saa chache tu, zaidi jioni. Mchana nyaya zilikuwa kamba tu. Sisi tuliofanya kazi juu tulikuwa na namna yetu: tulisikiliza jenereta. Jenereta za maduka zikinguruma, umeme hakuna, pitisha ngazi unapotaka. Zikinyamaza, kaa mbali na nyaya. Hakuna aliyetufundisha hivyo, wala hakuna aliyetukataza. Hata umeme ulipoanza kukaa mchana kutwa, masikio yetu yaliendelea na kazi yake ya zamani.

Siku ile tulikuwa na jengo la ghorofa mbili lenye vioo mbele yote. Mwenye jengo alitaka vioo viwe vimekauka kabla wageni wake hawajafika saa nne. Mwenzangu Ezati, mwanaume wa Logiri ambaye nimefanya naye kazi tangu mwanzo, alishika upande mmoja wa ngazi ya mbao akaningoja nishike wa pili.

"Wacha hiyo," nilimwambia. "Tukibeba hiyo, saa nne itakuta sisi bado njiani."

"Pale iko waya karibu."

"Tutasikiliza."

Tulifika. Nyuma ya duka la jirani jenereta ilikuwa inanguruma. "Unasikia?" nilimwambia. Niliivuta ngazi ikarefuka, nikaosha dirisha la kwanza, nikashuka. Ilinipasa kuikunja kabla ya kuihamisha. Sikuikunja. Niliibeba ikiwa wima, hatua nne tu hadi dirisha la pili, viatu vyangu vikiwa vimelowa maji ya sabuni. Baadaye tuliambiwa kwamba jenereta ile ilikuwa inauzwa. Mnunuzi alikuwa anaijaribu, na umeme ulikuwepo.

Ncha ya ngazi iligusa waya, na mwili wote ukakakamaa kama nguo inayokamuliwa. Mkono wa kulia ulikataa kuachia. Nilisikia harufu ya nyama ya kuchoma na nikajiuliza nani anachoma nyama asubuhi hivi. Kisha nikarushwa, nikaangukia ukingo wa mtaro, mguu wa kushoto ukiwa chini yangu. Ezati alitaka kuja kunishika. Mwendesha boda mmoja akamvuta shati. "Usiguse! Ngazi bado iko kwa waya!" Kelele ile ndiyo iliyomwacha Ezati hai, kwa sababu ngazi iliendelea kuegemea waya kwa muda kidogo kabla ya kuanguka upande wa pili, na hapo tu ndipo walinifikia.

Hospitalini niliangalia kiganja changu. Palikuwa na shimo jeusi, si kubwa kuliko kifuniko cha soda. Unyayo wa kushoto ulipasuka, pale umeme ulipotokea. Palipokuwa peusi hapakuuma hata kidogo.

"Basi si kubwa," nilimwambia daktari.

"Umeme unaunguza kutoka ndani, dada. Hapa tunaona mlango tu."

Alisema kweli. Mkojo wangu ulitoka na rangi ya chai isiyo na maziwa. Waliniwekea maji ya mshipa, chupa baada ya chupa, wakihofia figo. Mfupa wa mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti. Siku ya tano kidole cha mwisho na cha pete vya mkono wa kulia vilikauka, vikawa vyeusi, vikaanza kunuka hata mimi mwenyewe nikageuza uso.

"Tukiviacha, tutakata mkono mzima," daktari alisema.

"Kata. Lakini niambie natoka lini."

Hilo ndilo neno nililomuuliza kila mtu. Nilimuuliza daktari, nikamuuliza aliyefagia, nikawauliza hata wageni wa wagonjwa wengine. Nililala nikiwa nimekunja shuka mkononi kama mtu anayesubiri kuitwa. Sista mmoja alinikuta naning'iniza mguu ulio mzima ukingoni. "Kiden, hiki ni kitanda, si pikipiki. Hata ukikitikisa namna gani, hakiendi."

Wodi nzima ilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu asubuhi hiyo baba mdogo alikuwa amefika kutoka Kuluba.

Alikaa kwenye kiti, kofia magotini, akanisalimu kwa upole. Kisha akasema, "Mwanangu, ulijaribu. Hakuna atakayesema hukujaribu. Sasa wewe mwenyewe unahitaji wa kukuangalia. Nimekuja kuwachukua watoto."

"Baba mdogo, wako katikati ya muhula."

Alifikiri. "Basi wakifunga shule nitarudi. Nikikukuta umesimama unawapikia, nitaondoka peke yangu. Nikikukuta kitandani, usinipinge tena."

Tangu hapo sikuhesabu maumivu. Nilihesabu majuma yaliyobaki.

Walinichuna ngozi pajani wakaipandikiza kiganjani na unyayoni. Paja liliuma kuliko vidonda vyenyewe, lilichoma kama pilipili mchana kutwa. Niliporuhusiwa kwenda nyumbani, mguu ulikuwa ndani ya plasta iliyoachwa wazi unyayoni, na amri ilikuwa moja: mguu usikanyage chini mpaka daktari aseme. Juma la pili, watoto wakiwa shule, nilishika ukuta nikaukanyaga. Nilitaka kujua tu. Nilipiga hatua tatu. Ya tatu niliisikia ikiteleza, nikatazama nyuma nikaona damu sakafuni. Ngozi mpya ilikuwa imechanika.

Sikumwambia mtu. Siku tatu baadaye kidonda kilitoa usaha, nikatetemeka kwa homa. Poni alifungua kitambaa, akanitazama kama mama mzazi. "Dada, umetembea?" Nilisema hapana. "Mbona hapa sakafuni iko damu?" Taban alikwenda mbio kumwita mtu wa boda, nikarudishwa hospitalini.

Daktari yule yule alinisafisha kidonda huku nauma kanga. "Unamkimbilia nani?"

"Baba mdogo."

Nilimweleza yote. Akasema, "Kama unataka haraka, nitakupa kazi. Lakini ni kazi yangu, si yako." Alinifundisha kukunja vidole vitatu vilivyobaki mara kwa mara kutwa nzima, kuinua mguu bila kukanyaga, kula mayai na maharage. Papa Odilo alinichongea magongo mawili, la kulia lenye mshiko mpana kwa ajili ya mkono mbovu. Mtu asiyetulia akipewa kazi hupona vizuri zaidi. Nilizifanya zote. Hata hivyo majuma yalikwenda haraka kuliko mguu.

Shule zilifungwa, na baba mdogo akafika Jumamosi na mfuko wa unga wa muhogo. Alinikuta kwenye sigiri ya mkaa nimesimama, gongo moja kwapani, nasonga ugali kwa mkono wa kushoto. Alisimama mlangoni akitazama. Jasho lilinitoka. Mwiko ulizidi kuwa mzito, goti likaanza kucheza, na kabla ugali haujashikana ilinibidi nikae. Nilikaa chini kwenye mkeka mbele yake, nikaona yote yamekwisha.

Taban alichukua mwiko bila kuambiwa akaendelea kusonga. Poni alileta maji ya kunawa.

Baba mdogo aliwaangalia. "Nani ameosha hicho kidonda leo?"

"Mimi," alisema Poni. "Asubuhi na jioni. Anapenda kudanganya, lazima uangalie mwenyewe."

"Na maji?"

"Taban anachota kabla ya shule."

Alikula matonge machache. Kisha akasema, "Ugali uko mbichi katikati."

"Ni wa dada upande huo," Taban alisema, na baba mdogo akacheka mpaka akakohoa. Alipoinuka alivaa kofia. "Nilikuja nikidhani wewe ndiye unayewashika hawa. Nikiwachukua, wewe nitakuwa nimekuacha na nani?" Akaondoka peke yake.

Nilirudi kazini baada ya miezi mingi, na kazi ya kwanza, nikiwa na Ezati, ilikuwa Koboko. Kabla ya kushusha chombo chochote nilizunguka jengo lote nikitazama juu. Mwenye duka alisema, "Umeme hakuna tangu asubuhi, panda tu." Nilimjibu kwamba sipandi kwa kuambiwa. Vioo vya upande wa nyaya tuliviosha tukiwa chini, kwa kisafishio cha mpini mrefu wa mbao kavu ambao haukufika karibu na waya, na vilivyobaki tukaviacha. Alinuna, lakini akanilipa vilivyooshwa, akaniita tena.

Kwa hiyo wenzangu, ngazi isichaguliwe kwa wepesi wa kuibeba. Chagua kwa kutazama mahali inapokwenda. Palipo na nyaya, alumini ibaki nyumbani. Tumia ya faiba, isiyopitisha umeme, au ya mbao kavu isiyofungwa kwa waya wala kupakwa rangi, na hata hiyo usiisogeze karibu, maana sisi tumelowa maji muda wote na ngazi yetu pia. Ikunje kabla ya kuihamisha. Tazama mipira ya miguu yake kama haijaisha. Usiiegemeze kwenye kioo. Na kama hakuna ngazi inayofaa, sema haipo, urudi siku nyingine.

Na wewe uliyelala, najua unavyojigeuza. Fanya kazi uliyopewa na daktari, wala usiongeze yako. Mruhusu mdogo wako akuoshe kidonda.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule wa boda aliyepiga kelele, na daktari, na sista, na Papa Odilo. Tuko watatu bado, chumba kimoja. Taban na Poni wanagombania taa ya kusomea hivi sasa, na mimi nimesimama katikati yao nikiandika.