Julai ya Dodoma na Julai ya Jangwani

Nawasalimu nyote mnaofunga mabegi kwenda Moroko mwezi wa kumi na moja. Mke wangu Anjela, mfanyakazi mwenzenu, ameniomba niwaandikie yaliyonipata kule. Nimekawia wiki tatu, maana ushuhuda wa mtu aliyejitakia mwenyewe ni mgumu kuandika.

Mimi ni mkulima wa zabibu, Makutupora. Kabla ya safari ile nilikuwa napogoa mizabibu tangu alfajiri mpaka jua la utosi, kisha narudi nyumbani nikitafuta ugali, si kivuli. Hospitali nilikwenda kuona wagonjwa tu. Nilikuwa na kiburi cha afya.

Tulipotimiza miaka ishirini ya ndoa, Anjela alitaka jambo moja tu: kupanda tuta la mchanga jangwani na kuliona jua likizama. Picha ya tuta hilo ilikuwa kwenye simu yake tangu binti yetu akiwa darasa la pili. Ofisini kwenu, mnajua wenyewe, likizo ni mpaka bajeti ipite, kwa hiyo tukachagua Julai. Niliunga mkono haraka. Julai huku kwetu ni kipupwe, upepo unakata masikio na watu wanavaa masweta, nami nikadhani Julai ni Julai popote. Nikapakia makoti mawili. Ili yaenee, nikatoa begini pakiti za ORS, ile chumvi na sukari ya kukoroga na maji, alizoweka Anjela.

"Hizo ni za watoto wanaoharisha," nilimwambia. "Mimi ni Mgogo bwana, ukame ni jirani yangu."

Alicheka. Laiti angenigombeza.

Tulifika kambini saa nne asubuhi. Nilipofungua mlango wa gari nilihisi nimesimama mdomoni mwa tanuru la matofali. Mwenyeji wetu, mtu wa makamo aitwaye Yusufu, aliongea Kiingereza na Anjela akanitafsiria: tukae kivulini mpaka saa kumi, tufunike kichwa na shingo, tunywe maji kabla ya kusikia kiu. Jioni angetupeleka kwenye tuta.

Sikio la kufa halisikii dawa. Saa sita mchana nilisema nakwenda kuiangalia njia, ili jioni nimwongoze mke wangu mwenyewe. Yusufu alinishika mkono. Nikautoa. Akanipa chupa kubwa ya maji, nikaichukua kwa adabu tu.

Sikunywa. Marehemu babu yangu alikuwa mfugaji, na tulipochunga naye mbuzi utotoni, kila tukilia kiu alituambia, "Mchungaji hanywi kabla ya mifugo." Tulirudi jioni midomo imepasuka, tukijiona wanaume. Sheria hiyo ndiyo niliyoibeba mpaka Moroko, nisikokuwa na hata mbuzi mmoja.

Nilizunguka zaidi ya saa nzima. Kichwa kilipoanza kugonga nikageuka. Karibu na hema niliyamwaga maji yote mchangani, Anjela asinisumbue.

"Umekunywa?" aliniuliza.

"Si unaona chupa tupu?"

Nimemdanganya mke wangu mara chache, lakini huu ndio uongo unaoniuma mpaka leo. Kama ningesema kweli, angenilazimisha kunywa pale pale. Badala yake nilimeza vidonge viwili vya diklofenaki kwa ajili ya kichwa, kwa funda moja la chai.

Misuli ya miguu ikaanza kukaza. Nikatapika mara tatu. Nilipokwenda kujisaidia yalitoka matone machache, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, nikanyamaza. Kisha jasho likakata. Ngozi ilikuwa kavu na ya moto, nami nikajiona nimepoa! Jambo la mwisho ninalokumbuka ni kumwambia Yusufu, kwa Kigogo, akawahesabu mbuzi.

Mengine nimesimuliwa. Yusufu alinivua nguo, akanifunika shuka lililoloweshwa maji, akanipepea mpaka gari likawa tayari. Hospitali ilikuwa mwendo wa saa mbili na zaidi. Jua lilizama tukiwa njiani. Anjela alikuwa kiti cha nyuma, kichwa changu mapajani, na hakugeuka kulitazama.

Daktari alimwambia kwa Kiingereza, "Mama, figo zake zimesimama. Tutamsafisha damu kwa mashine, kisha tusubiri. Zinaweza kurudi, zinaweza zisirudi."

Nilizinduka nikiwa na mpira shingoni na mwingine wa mkojo, mfuko wake mkavu. Uso ulivimba, mdomo ulikuwa na ladha ya chuma. Kila asubuhi Anjela aliinama kuutazama ule mfuko. Siku ya sita alikuta maji ya kujaza nusu kikombe. Akakaa sakafuni akalia, na muuguzi naye akalia, wala hawakuwa na lugha moja.

Namshukuru Mungu, nawashukuru wale madaktari, namshukuru Yusufu ambaye hakuniambia "si nilikwambia." Figo zimerudi, lakini si zile za kwanza. Daktari wangu wa hapa Dodoma ameniambia, "Diklofenaki usiiguse tena, inaumiza figo. Shambani mwisho saa tatu. Na jangwa, mzee, lisahau."

Mama yangu alipokuja kunijulia hali, nilimsimulia mambo ya babu na kiu. 

"Nani kakwambia babu yako alikuwa hanywi? Alfajiri, kabla hajafungua zizi, alimaliza kibuyu kizima cha uji mwepesi wa mtama, wenye chumvi. Kila siku. Mimi ndiye niliyempikia."

"Mbona sikumwona?"

"Ulikuwa umelala, mwanangu."

Basi, wenzangu, kunyweni kabla ya kutoka, na mkiwa njiani kunyweni hata kama hamtaki. ORS ziwe kwenye mfuko wa mkononi. Angalieni mkojo wenu, msione haya. Ukiona mwenzako kaacha kutoka jasho na anaongea yasiyoeleweka, mpeleke kivulini, mmwagie maji, muwahishe hospitali. Mwenyeji akisema kaa, kaeni. Novemba mmechagua vizuri.

Anjela anakuja nanyi. Mimi nimekatazwa, nitabaki na mizabibu yangu. Tangu turudi hajawahi kulitaja lile tuta mbele yangu hata siku moja, ila juzi nilimkuta ameifungua ile picha. Nawaombeni, saa kumi na moja jioni mpandisheni pale juu. Chupa yake ikiwa tupu, msiridhike na chupa, muulizeni yeye. Halafu mwacheni alitazame jua mpaka lizame lote, na asifanye haraka kurudi kwa ajili yangu.