Mstari Ulioondolewa Mikumi

Nafundisha shule ya msingi hapa Kilosa, na kwa miaka minne nimekuwa nikikimbia alfajiri kuelekea Mvumi kabla ya vipindi kuanza. Mwanzoni watu waliniuliza nafukuzwa na nani. Mwaka jana, nikiwa na miaka arobaini na tisa, nilijiandikisha kwenye marathoni kamili iliyofanyika Mikumi. Fomu ilisema mstari wa kumalizia utafungwa saa saba mchana. Nilijua sitamshinda mtu, ila muda huo nilikuwa nauweza.

Tulianza saa kumi na mbili asubuhi tukashika njia ya Kidodi, kisha tukageuza. Hadi kilomita ya thelathini nilikuwa na raha ambayo ni vigumu kumweleza asiyekimbia. Miguu inauma lakini kichwa kinatulia, unabaki na kazi moja tu duniani.

Mbele kidogo nikafika palipotakiwa kuwa na meza ya maji, nikakuta haipo. Vikombe vimetapakaa chini, wahudumu wameshaondoka. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia miwa yake ndiye aliyenimiminia maji kutoka kwenye dumu lake.

"Wenzako walishapita," alisema.

"Najua, dada. Lakini muda wangu haujaisha."

Niliingia Mikumi saa sita na nusu. Lango la kumalizia lilikuwa limeshushwa na kukunjwa. Mume wangu amesimama peke yake, ameweka mawe mawili chini.

"Mstari ulikuwa hapa," akasema. "Nimewaomba wasubiri, wamekataa. Pita."

Nikapita katikati ya yale mawe huku nikilia kwa hasira.

Mwanakamati mmoja, mtu wa rika langu, alikuwa akipakia viti kwenye pikapu. Nikamfuata.

"Pole, mama, tumeshafunga," akasema. "Mgeni rasmi alikuwa na safari."

"Fomu yenu inasema saa saba."

"Ni kweli. Lakini akiondoka mgeni rasmi, sisi tunasubiri nini?"

Niliwahi kusoma kwamba urefu wa marathoni tunaoukimbia leo ulipatikana Uingereza, pale mbio ziliporefushwa zianzie kwenye kasri na kuishia mbele ya jukwaa la kifalme. Siku ile niliona wakubwa wanaweza kurefusha mbio, na wakinyanyuka kitini zinakufa.

Akanipa medali kutoka kwenye boksi, kama mtu anayegawa biskuti. Nikaikataa.

"Nyuma yangu yuko mtu, nilimpita njiani," nikamwambia. "Andika muda wangu, kisha umngoje."

Alicheka, akapanda gari, wakaondoka. Mimi na mume wangu tukabaki. Saa saba kasoro dakika kumi akatokea mkulima mmoja wa Mvumi, anachechemea, fulana imeganda chumvi. Tukampigia makofi mpaka akapita mawe.

"Shikamoo, mwalimu," akasema akihema. "Wako wapi?"

"Marahaba. Wamekwenda."

Akakaa chini, akavua viatu.

Matokeo yalipotoka, mimi na yule mkulima tuliandikwa kwamba hatukumaliza. Nilipiga simu. Nikaambiwa, "Mama, hizi ni mbio tu, usizichukulie hivyo." Tuliandika barua, sahihi mbili, tukaambatisha nakala ya fomu yao. Haijajibiwa. Watu wananishauri nisamehe, na labda nitasamehe. Kwanza wafute lile neno lao, kwamba hatukumaliza.