Doti ya Kwenye Kioo

Mwishoni mwa miaka ya tisini mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa na duka la kanga Mpanda mjini, na mimi nilikuwa na kiti pembeni mwa duka hilo, mbele ya kompyuta. Kompyuta aliileta mwanawe, kaka yangu, aliyekuwa akisoma chuo Dar. Aliiwekea Linux, mfumo wa kuiendesha, akanifundisha likizo nzima kuandika barua na kuzichapa kwenye printa yenye kelele kama mashine ya kusaga, kisha akaondoka na onyo: akirudi akakuta haina wateja, anaichukua. Bila kompyuta duka halikuwa na haja na mimi. Ningerudi Mwamkulu kwa wazazi, kwenye jembe. Sikutaka, na nilisema hivyo kwa kila aliyeniuliza na hata kwa asiyeniuliza.

Wateja hawakuja. Walioingia walinunua kanga, wakatupia jicho kile kioo cha kijivu, wakajivuta upande wa pili. Mmoja aliniuliza kama hapo ndipo kesi zinapofunguliwa. Nikaona tatizo: mashine ilikuwa imevaa vibaya.

Kaka alikuwa amenionyesha kwamba sura yote ya Linux imeandikwa kwenye mafaili ya maneno, rangi na unene wa fremu za madirisha, na kwamba hata picha huchorwa kwa herufi: herufi moja, nukta moja ya rangi. Kwangu hiyo ilikuwa kudarizi kitambaa cha meza. Kwa wiki mbili, kila umeme ulipokuwepo, nilidarizi nakshi ya kanga, korosho nyekundu juu ya weupe. Fremu ya dirisha nikaifanya pindo, nene, pande zote nne, maana sijawahi kuona kanga yenye pindo la kubania. Na kwa kuwa kanga haiuzwi moja bali doti, mbili pamoja, nikaamuru kila dirisha la barua lifunguke na pacha wake, ubavu kwa ubavu. Utepe wa juu, ambao ndio mahali pa jina, niliuacha mtupu. Kwenye kanga jina hukaa chini, lakini hilo nilisamehe. Shida ni kwamba sikupata la kuandika.

Ilipendeza, jamani. Niliipenda mpaka nikaona aibu.

Kaka aliporudi hata salamu aliikatisha. "We, sasa pa kuandikia ni wapi? Umeacha nafasi ya kiganja! Na memori yote imeliwa na maua." Hakunionea, mashine ilikuwa inajikokota kweli. "Wateja je?" Nikakiri hakuna hata mmoja. Akachuchumaa chini ya meza, akaanza kufuata waya kwenda kwenye plagi. Machozi yalinilenga.

Hapo hapo akaingia mama mmoja kutoka Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi. "Hebu niteremshie ile doti ya korosho," akamwambia mama mkubwa, kidole kikielekea kwenye kioo changu.

"Ile haiuzwi."

"Sasa inafanya nini pale?"

"Inaandika barua," nikadakia, kabla mkono wa kaka haujafika ukutani.

Akasogea, akatazama dirisha moja, akatazama la pili. Alikuwa na mdogo wake wa kiume Tabora ambaye hataki barua isipokuwa ya Kirundi, na wifi asiyejua Kirundi hata neno. "Kila nikiandika, mmoja ananuna," akasema, akaketi. Sentensi ya Kirundi alinitajia pole pole, nikaiandika kushoto. Ileile kwa Kiswahili, kulia. Mistari ilikuwa mifupi kwa ufinyu, lakini alizisoma barua zote mbili kwa pamoja, akasahihisha, akacheka peke yake. Printa ikapiga kelele zake. Akaondoka na barua mbili na doti ya kweli, akiahidi kuja na majirani siku ya gulio.

Kaka akaachia waya.

Mama mkubwa, ambaye hakuwahi kuikaribia ile mashine, akaja na miwani yake, akagusa ule utepe mtupu. "Kanga gani hii haina jina? Andika."

"Niandike nini?"

"Andika: Mwandishi yupo."

Nikaandika. Pindo lilikuwa nene mno, likaingia neno la kwanza tu.

"Si upunguze pindo, mkaidi we," kaka akasema, na sasa alikuwa anacheka. Nikalipunguza, maneno yakaenea yote mawili. Mwaka ule mpunga wa Mwamkulu ulivunwa bila mimi.