Mguu wa Kanyaga

Lifti ya jengo lao ilikufa kabla Brashi hajazaliwa, na mabomba ya ghorofani yalikuwa yanakohoa tu, maji hayatoi. Dada yake alipata kazi kwa sababu hiyo. Alichota maji uani, akayapandisha juu kwa wenye nyumba, ndoo huku na ndoo huku, na mguu wa kushoto anauburuta, maana homa ya utotoni iliuacha umelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Hata ukiwa umejifungia ndani ulimsikia anavyokuja. Ko, halafu shaa. Ko, shaa. Wa kulia unakanyaga, wa kushoto unafagia ngazi. Watoto wa jengo wakampa jina: Kanyaga. Angeweza kununa. Yeye akalichukua lile jina akalivaa, mpaka ukija kumuulizia kwa jina la kwenye cheti, unaambiwa umekosea mlango.

Brashi ndiye mdogo wake. Mchana alichora mabango ya watu, saluni hii, bucha ile, ukuta wa gereji ulioandikwa usikojoe hapa. Jioni alichora katuni, na katuni zake zilikuwa na mtu mmoja tu wa kuzibeba: Kanyaga, mchota maji anayejua nani kanuniana na nani kila ghorofa, anayeingia na ndoo zake katikati ya ugomvi, anasema neno moja, anatoka, na nyuma yake watu wanabaki wanacheka. Zilitoka kwenye gazeti la katuni la pale mjini, karatasi ya bei ya chini, wino unakubakia vidoleni. Dada mtu alikuwa analipekua hata ndoo hajazitua.

"Leo umenipa pua ya baba."

"Si ndiyo uliyonayo."

"Mchoraji mwenye adabu angenifichia."

Pua aliilalamikia, kidevu alikilalamikia, hata kanga aliyochorewa aliwahi kusema imechakaa kuliko yake. Mguu, hapana. Brashi aliuchora ulivyo, wa kushoto nyuma, vidole vinagusa ngazi, na kavumbi kadogo kanapanda pale ulipopita. Kila kisanduku. Wasomaji walimtambua kwa ule mguu kabla hawajafika usoni.

Mama yao alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho kilikuwa duka: cherehani karibu na mlango kwa ajili ya mwanga, kioo kirefu ukutani cha wateja kujipimia. Maandishi hakuyajua. Picha alizifuata kwa kidole, taratibu, na akifika kwa binti yake kidole kinasimama.

Sasa, wachora katuni wa mji ule walikuwa na mtindo wao. Mwenzako akikwama, hadithi haisogei na gazeti linamngoja, unamwazima mtu wako. Mtu wako anaingia kwenye hadithi yake kama mgeni, anakaa kidogo, anarudi kwao. Na ili asiharibikie ugenini, unamchorea mwenzako mfano kwenye karatasi ile nyembamba inayoonyesha hadi upande wa pili. Anaitandika juu ya kioo, taa chini yake, anafuatisha mistari. Ndivyo walivyofanya miaka yote, na hakuna aliyemlipisha mwenzake.

Aliyekwama safari hii ni Mrefu, rafiki yake Brashi, ambaye ili umuone ilibidi uangalie chini kwanza. Mrefu alikuwa na Inspekta Kobe, askari mpelelezi mzito wa mwendo kiasi kwamba wezi wanachoka kumsubiri, wanajileta wenyewe.

"Niazimie dada," Mrefu akasema. "Kobe kapelekwa kwenye ghorofa. Peke yake atafika juu mwakani."

Brashi akachora mfano, akampa. Gazeti likatoka, hadithi tamu kweli, Kanyaga anampandisha Inspekta ngazi huku anamuuliza kama na yeye abebwe kwenye ndoo. Dada akaishika, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaisogeza karibu na macho.

"Brashi. Huyu si mimi."

"Ni wewe. Hiyo pua mjini iko moja."

"Angalia miguu."

Akaangalia. Ulioburutwa ulikuwa wa kulia. Kurasa zote, wa kulia. Mrefu aliitandika ile karatasi kinyume, na kwa kuwa inaonyesha pande zote mbili, hakujua. Siku hiyohiyo akaja kuomba radhi, amekunja kofia mkononi.

"Usijali, baba Kobe," Kanyaga akamwambia. "Huyo ni pacha wangu. Mama alimficha kijijini."

"Pacha ningemlisha nini?" Mama akajibu kutoka kwenye cherehani, bila kuinua kichwa. "Wewe mwenyewe unamaliza sufuria."

Wakacheka, yakaisha. Gazeti lilishatoka, na nani angejali mguu wa kuazima.

Mvua zilipoanza, Kanyaga akapata kikohozi. Alikuwa anapandisha maji na nguo zimelowa, na akiambiwa apumzike anasema watu wa juu watapikia nini. Hospitali walimpokea kachelewa. Mvua hazijaisha, walikuwa wameshamzika.

Kilichommaliza Brashi ni zile ngazi. Alikuwa anakaa na mama yake chumba cha mbele, mtu anapanda, wote wawili wanainua masikio, halafu wanasikia ni viatu tu, ko, ko, ko, vya mtu mwenye miguu yote miwili mizima. Mama anarudi kwenye cherehani. Hawakuwahi kuambizana. Katuni akaacha. Akabaki na mabango. Halafu gazeti lenyewe likafa, na nakala za zamani akawa anazikuta sokoni zimefungia misumari.

Muda ukapita. Siku moja Mrefu akaja mbio, simu mkononi, kapandisha ngazi zote bila kupumzika. Kampuni moja ya vitabu ya ng'ambo ilikuwa imezinunua hadithi za Inspekta Kobe, imezitafsiri, na ya kwanza kuitoa ni ile ya ghorofani.

"Kobe wamempenda?"

"Kobe wamemvumilia. Aliyewaua ni Kanyaga."

Akamuonyesha. Watoto wa mbali huko, kwenye uwanja wa shule, kila mmoja na ndoo ya plastiki, wanatembea kwa msururu wanaburuta mguu. Wa kulia. Kulikuwa na mwanasesere pia, wa kitambaa, mguu wa kulia umeshonwa ulegee. Brashi aliangalia mpaka simu ikazima, Mrefu akaiwasha tena.

"Hapo chini wameandika nini?"

Mrefu akasita. "Kanyaga, msaidizi wa Inspekta."

"Msaidizi?"

"Wao ndivyo wanavyomjua, ndugu yangu. Walimkutia kwangu."

"Dada alikuwa na hadithi zake Kobe hajashonewa hata koti."

"Nimewaambia. Ndiyo habari niliyokuja nayo. Wanazitaka zile zako. Kitabu kizima, jina lake mbele, Kobe hayumo. Ila..." Mrefu akaangalia mlango, akashusha sauti kana kwamba Kanyaga yuko uani. "Ila mguu uwe wa kulia. Wanasema wasomaji watadhani huyu wako ni wa kuiga."

Brashi hakugomba. Alimwambia tu aende, na Mrefu, ambaye kwa kawaida haondoki bila chai, akaenda.

Mama alikuwa sokoni kununua uzi. Brashi akalitoa boksi la kurasa zake za zamani, akachagua moja, ile Kanyaga anapanda peke yake jengo zima limelala. Akafuta mguu wa kushoto. Akachora wa kulia nyuma. Haukukubali. Bega lilikuwa limeinamia kule kwingine, ndoo zilining'inia za mtu mwingine, na yule mwanamke kwenye karatasi alionekana anaigiza kilema ili ahurumiwe. Akafuta tena, akarudisha alivyokuwa, lakini karatasi ilishachubuka. Palepale kwenye goti palitoboka. Akakaa na ile karatasi mapajani, kidole kimeziba tundu.

Siku chache baadaye Mrefu akarudi na jibu lingine. "Wanasema usihangaike kuchora. Wao watazigeuza picha zote kwa mashine, kulia iwe kushoto. Hutagusa mstari. Wewe unasema ndiyo tu."

"Na nikisema hapana?"

"Basi. Wanaendelea na Kobe."

Hapo ndipo palipomkaba. Akikataa, dada yake anabaki mfanyakazi wa nyumba ya mtu, huko anakopendwa, na huku nyumbani anafungia misumari. Akikubali, anapata mlango wake mwenyewe na jina juu ya mlango, ila anaingia na mguu usio wake.

"Ungekuwa wewe?" akauliza.

"Mimi ndiye niliyegeuza karatasi," Mrefu akasema. "Mimi usiniulize."

Brashi akasema ndiyo. Kwa Mama hakutaja lolote.

Kitabu kilikuja kizuri, jalada gumu, rangi ambazo gazeti lile lisingeziota. Brashi alikibeba chini ya shati, akakaa nacho siku kadhaa kabla ya kukiweka mezani pa Mama, asubuhi moja wateja hawajaanza kuja. Mama akafuta mikono kwenye gauni. Akafungua. Kidole kikaanza kutembea.

Kikafika kwa Kanyaga, kikasimama. Kikahamia ngazi. Kikahamia dirisha lao, ambalo sasa lilikuwa upande wa jua linapozama. Alikaa hivyo mpaka Brashi akaanza kujieleza, kuhusu watu wa huko, na mashine, na Mrefu, maneno yanatoka yamesongamana.

"Ngoja," Mama akamkatiza. "Umeikata kwa upande wa ndani."

"Eeh, Mama?"

"Kitambaa ukikikata umekilaza kinyume, mkono wa kushoto unatoka wa kulia. Kila fundi kashafanya. Mimi gauni la harusi la watu lilinitoa machozi." Hakumtazama. "Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua, Mama."

Mama akainuka na kitabu, akaenda mbele ya kile kioo cha kujipimia, akakisimamisha kifuani kama mteja anayejaribisha blauzi, kurasa zinatazama kioo. Akachungulia.

Humo ndani ya kioo Kanyaga alikuwa anapanda. Wa kulia umekanyaga. Wa kushoto nyuma, vidole vinagusa ngazi, kavumbi kanapanda. Dirisha lilikuwa limerudi mahali pake. Maandishi yalikuwa kinyume, lakini kwa Mama yalikuwa vilevile tu. Akafunua ukurasa. Akafunua mwingine, anatumia kidole gumba, asikishushe kitabu. Brashi alikuwa amesimama nyuma yake, anajiona na yeye humo, mikono imening'inia hajui aiweke wapi.

"Hapa alikuwa amechoka," Mama akasema.

"Ndiyo."

"Akichoka alikuwa anaegemea ukuta hivi."

Mteja akabisha, akachungulia, akaona yule mama na mwanawe wamesimama mbele ya kioo na kitabu, akasema atarudi baadaye.

"Hao wa huko," Mama akauliza, "vioo wanavyo?"

"Wanavyo, Mama."

"Kuna mtu kawaambia waangalie?"

Brashi akasema hapana, hakuna.

Mama akatikisa kichwa polepole, akafunua ukurasa unaofuata.