Farasi Walioota Pembe Rwamgasa

Ni Jumamosi, saa mbili asubuhi, na Mzee Jilala amelala chali chini ya bembea ya kuzunguka akipaka mhimili mafuta ya ng'ombe. Inaonekana miguu yake tu. Jirani yake Kalisti, mchimbaji aliyestaafu, amekaa juu ya gogo, na kazi yake ni kumtania.

"Mzee, samli hiyo ungelia ugali ungenenepa!"

"Chuma nacho kina njaa," sauti inajibu kutoka chini. "Mwaka wa sita huu hakijala."

Kesho ni ngoma ya mavuno. Mwanangwa Bujiku, mkuu wa kijiji hapa Rwamgasa, ametoa neno moja: bembea ikizunguka kesho, itabaki. Isipozunguka, nguzo yake ya chuma itang'olewa ikajengee banda la kupimia pamba.

Bembea hii ililetwa mwaka 1946 na fundi mitambo wa mgodi wa dhahabu uliokuwa jirani. Alitaka familia za wafanyakazi zipate mahali pa kufurahia Jumapili. Palikuwa na mteremko wa mbao wa kuteleza, mapipa ya kulenga kwa mpira, na bembea ya kuzunguka yenye farasi wanane wa mbao, ikisukumwa na wanaume wawili. Kiingilio kilikuwa senti tano. Jilala, seremala wa mgodi kwa shilingi ishirini na tano kwa mwezi, ndiye aliyeisimika.

Siku ya ufunguzi uwanja ulijaa, lakini hakupanda mtu. Wengi hawakuwahi kumwona farasi.

"Punda hao!" mama mmoja alipiga kelele. "Wanangu wapande punda, wamekosa nini kwao?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Jilala alirudi karakana. Wiki ile alichonga pembe kumi na sita za mninga, ndefu kweli kweli, akazikaza vichwani, akawaongezea na nundu za kushikilia. Jumapili iliyofuata foleni ilifika barabarani.

"Kijana mmoja alikuja kuwahesabu kama mahari," Jilala anakumbuka, akifuta mikono. "Akanung'unika, 'Baba, wanane hawatoshi. Yule binti ni mzuri mno, ana shingo ndefu!'"

Mgodi ulifungwa mwaka 1950. Fundi mitambo alipoondoka alimshika Jilala mkono, akamwachia bembea yote. Mteremko ukaliwa na mchwa. Ng'ombe wale wa mbao Jilala aliwafanyia kama Wasukuma wanavyofanya mifugo inapozidi: aliwagawa kwa majirani wamtunzie. Desturi inajulikana. Maziwa ni ya mtunzaji, ng'ombe ni wa mwenyewe, na siku ya kurudishwa hurudi na uzao wake.

Mwezi huu amewazungukia wote. Saba wamerudi, mmoja akiwa amepakwa rangi mpya na mtu ambaye hata hakuombwa. Wa nane, wa madoadoa, yuko kwa Nyamizi, mjane anayefinyanga vyungu.

Jumatatu Jilala alifika mlangoni kwa Nyamizi. Alimkuta bintiye Limi, mtoto wa miaka saba mwenye mguu dhaifu, akishika pembe za yule ng'ombe na kujifunza kutembea kwa kumzunguka. Jilala akanywa maji, akasifu vyungu, akaenda zake.

"Ningesema nini?" anauliza. "Mkongojo wa mtoto haunyang'anywi."

Lakini bila wa nane bembea inainama upande mmoja, na chuma kinasaga chuma. Amejaribu kufunga gunia la mchanga mahali pake. Kamba ilikatika, mchanga ukammwagikia Kalisti.

"Ikabidi nioge mara ya pili wiki hiyo," Kalisti analalamika.

Saa nne unasikika mkokoteni. Juu yake amefungwa ng'ombe wa madoadoa. Nyamizi anaongoza maksai, na Limi anatembea pembeni polepole, mkono mmoja kwenye ubao wa mkokoteni.

"Mwangaluka, baba," Nyamizi anamwamkia.

"Mwangaluka, Mama Limi."

"Uliondoka kwangu na maneno mdomoni. Kalisti ndiye aliyeniambia."

Kalisti anatazama mawingu.

"Lakini mtoto bado..." Jilala anaanza.

"Mtoto ametembea kutoka nyumbani mpaka hapa. Ubao wowote sasa anaushika." Nyamizi anafunua kitenge. Ndani yake mna ndama wa udongo uliochomwa, ana madoadoa kama mama yake. "Amezaa kwangu. Ningekurudishia mtupu, watu wangenionaje?"

Jilala anampokea kwa mikono miwili.

Jumapili bembea inazunguka. Mwanangwa Bujiku anavua kofia, anapanda yule wa madoadoa, anazunguka mara tatu. Anaposhuka anatangaza kwamba banda la pamba litapata nguzo za miti. Vigelegele vinafunika ngoma.

Sasa Jilala, anayeishi kwa kuuza vigoda, ametenga ubao wake bora kabisa wa mninga. Mtunzaji mwema, anasema, hupewa ndama. Wa Limi atakuwa na magurudumu, amshike nundu aende naye shuleni, ambako ataanza Januari.

"Njia ya shule ina mteremko mkali," anaeleza. "Limi ameniambia anataka breki, nami nimemwahidi. Breki yenyewe bado sijui inatengenezwaje, lakini Januari haijafika."