Tiyo Niliyoifukia Siku ya Posa

Mwaka wa 1956, nikiwa na miaka ishirini na minne, ndipo taabu yangu ilipoanza hapa Gisenyi, na sikuletewa na mtu, niliichimba kwa jembe langu mwenyewe, na mpaka leo nikipita sokoni naona kama watu bado wananicheka.

Nilitaka kumuoa Zaituni, binti wa Mzee Rajabu muuza vitenge, na mzee alikuwa amesema wazi, "Binti yangu hatapanda kilima na ndoo ya maji ya ziwa. Weka robine ya maji nyumbani kwako kwanza, halafu nitakuja na ndugu zangu kupokea posa." Bon, nikaenda kutoa taarifa kwenye ofisi ya maji kama sheria ilivyotaka (kabla ya kugusa hata tiyo moja, yaani bomba), wakaniruhusu, ila karani akanikazia kwamba mufereji nisiufukie, na maji nisifungulie, mpaka muzungu wa maji, mkaguzi wao, aje aone viungo vya tiyo. Nikalaza tiyo mimi mwenyewe, maana shule sikuenda lakini mikono ninayo, na kiungo kimoja kilipokataa kukaza nikakifunga na mpira wa baiskeli.

Siku ya posa ikafika, muzungu hajaja, na mufereji uko wazi mbele ya mlango, mrefu kama kaburi. Utamkaribishaje mkwe juu ya kaburi? Nikafukia, nikakanyaga, nikatandika mikeka juu yake, nikafungulia maji.

Mzee Rajabu akaja na ndugu zake, kanzu nyeupe, akatawadha kwenye robine, akafurahi. "Wamekwisha kuikagua, mutoto wangu?"

(Hapo ningenyamaza tu.) "Juzi, mzee. Muzungu mwenyewe alinisifu, akasema hata misheni ya Nyundo hakuna kazi kama hii."

Pilau haijapoa, muzungu huyo mlangoni, anauliza kwa Kiswahili ambacho kila mtu alikisikia, "Mufereji iko wapi? Nakuja kuiona mara ya kwanza, naona mikeka tu."

"Yewe!" akasema shangazi yake Zaituni. "Mara ya kwanza? Si we ulimusifu juzi?"

Nikacheka, peke yangu.

"Fukua," akasema muzungu. Basi wageni wakainuka na sahani mikononi, mikeka ikakunjwa, nami na nguo zangu za posa nikachimba, na kwa haraka na aibu jembe likagonga kile kiungo cha mpira, maji yakaruka yakampata Mzee Rajabu kifuani mpaka kwenye kofia. Majirani waliokuwa wakichungulia uani wakapiga vigelegele kana kwamba ndoa imefungwa.

Muzungu akafunga maji, akaenda zake. Nikamwambia mzee, "Baba, kanzu nitakununulia."

Akaikamua polepole. "Kanzu itakauka. Lakini nilikuuliza jambo moja tu, nawe ukanidanganya huku unanitazama machoni."

Wakaondoka, mahari niliyowaandalia wakaiacha palepale kwenye tope. Zaituni akaolewa Goma.

Leo nina nyumba tatu za matofali, shamba la vitunguu Rugerero, lori moja, robine katika kila nyumba, zote zilikaguliwa mufereji ukiwa wazi na wageni wakiuruka, na mke mmoja, ambaye baba yake aliponiuliza siku ya posa kama paa langu linavuja, nilimjibu ndiyo.